Dagaa wenye mistari

Juni shule zilipofungwa nilimpeleka mwanangu wa darasa la tano kwa babu yake, Lituhi. Sisi tunaishi Mbinga mjini, kwenye baridi na kahawa, na baba yake ni Mmatengo wa milimani. Samaki anamjua akishafika sahanini. Nilitaka mtoto alione ziwa lililonilea.

Siku ya tatu akaomba kitu cha kuvulia. Nilikuwa na kazi za jikoni, nikampa chandarua kilichochanika. Nikamwonya asiingie majini, maana pale mto Ruhuhu unapomwaga maji Ziwa Nyasa mamba wapo. Niliwaza mamba tu.

Jioni akarudi na wenzake, sufuria imejaa. "Mama, dagaa!" Nikamsifu, nikabandika mafuta.

Baba yangu alikuwa barazani akishona wavu wake. Akataka aletewe sufuria. Akatoa kasamaki kamoja, akakalaza kiganjani, kisha akaniagiza usipa mkavu kutoka kwenye kapu. Akawaweka pamoja.

"Tazama ubavuni, mjukuu wangu. Huyu wa kapuni ana mistari?"

"Hana, babu."

"Na wako?"

Mtoto akasogeza taa. Mistari ya kusimama, myeusi myeusi, imejipanga toka karibu na kichwa hadi mkiani.

"Basi huyo si dagaa. Ni mtoto wa mbasa. Na mbasa ndiye aliyemsomesha mama yako."

Ni kweli. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwa mbasa. Mzazi usiyemjua, akiwa mkubwa hutamkosea sokoni: mrefu kama mkono kuanzia kiwiko hadi vidole, anang'aa kama fedha, magamba madogo madogo, mkia umegawanyika. Ile mistari ya utotoni hufifia. Usipa, ambao wengine huwaita dagaa wa Nyasa, ni wembamba, wa urefu wa kidole, na huvuliwa ziwani usiku wa giza kwa taa. Ndio chakula cha mbasa. Lakini mbasa hatagi ziwani. Hupanda mtoni, hutafuta changarawe yenye maji yanayokwenda, hutaga, na vifaranga hushuka na mto kurudi ziwani. Kwa hiyo anayetandaza chandarua mdomoni mwa Ruhuhu anakaa mlangoni kabisa mwa nyumba yao.

Nikaanza kumgombeza mtoto. Nikamwambia hata sheria inakataza kuvua kwa chandarua, na kweli inakataza. Baba akaniacha niseme weee, kisha akauliza taratibu, "Binti yangu, hicho chandarua alipewa na nani?"

Nikanyamaza. Tena nikakumbuka kwamba nikiwa na umri wake mimi na dada zangu tulivua palepale kwa khanga, tukarudi na vile vile vyenye mistari, na hakuna aliyetuuliza kitu. Siku hizo mbasa walikuwa wengi, nani angehesabu? Nilimwomba mwanangu radhi mbele ya babu yake, jambo ambalo katika malezi yetu si la kawaida. Midomo ilikuwa mizito.

"Tuwarudishe?" mtoto akauliza.

Walikuwa wamekwisha kufa. Tukawakaanga, tukala na ugali wa muhogo. Yeye alikula kimoja kimoja, akikigeuza kwanza kuangalia ubavu.

Asubuhi babu akampa ndoana na mshipi, akamfundisha kuchimba nyungunyungu na kukaa kimya, hili la pili likiwa gumu zaidi. Siku nne zilizobaki alipata magege wawili na kambale mmoja. Mbasa hakupata. Babu naye alitega wavu wake usiku wa siku zote hizo, na hakupata.