Mfalme wa Mijusi Asiye Mjusi

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Je, jina lililokosewa hufanya nini? Yuko mnyama wa kale, aliyetoweka yapata miaka milioni 34 iliyopita, ambaye kisa chake kinalijibu swali hilo.

Mnamo mwaka 1834, Mmarekani Richard Harlan alieleza pingili kubwa ya uti wa mgongo iliyopatikana Louisiana. Akidhani ni ya reptilia mkubwa wa baharini, alimpa mnyama huyo jina Basilosaurus, yaani mfalme wa mijusi. Mwaka 1839, jijini London, Richard Owen aliyachunguza magego yake, akabaini kuwa yana mizizi miwiliwili, kama yalivyo ya mamalia. Kumbe aliyedhaniwa joka alikuwa nyangumi mwenye mwili mrefu mwembamba! Owen alipendekeza jina Zeuglodon. Hata hivyo, kanuni za uainishaji wa wanyama hulipa kipaumbele jina lililotangulia. Hivyo kosa la Harlan lingali linatamkwa hadi leo.

Wapo waliolifanya kosa hilo mtaji. Mwaka 1845, Albert Koch aliunganisha mifupa iliyotoka Alabama, akaunda kiunzi cha zaidi ya mita 30, akakionyesha New York kuwa joka la baharini. Mwanaanatomia Jeffries Wyman aliufichua ulaghai huo: mifupa haikuwa ya mnyama mmoja, na meno yalikuwa ya mamalia. Harlan alikosea, Koch alidanganya. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka Afrika. Katika jangwa la Wadi al-Hitan nchini Misri, ambalo zamani lilikuwa bahari, Philip Gingerich na wenzake walipata miguu midogo ya nyuma ya mnyama huyu, wakaitangaza mwaka 1990. Miguu hiyo, isiyoweza kuubeba mwili wa mita 15 na zaidi, ni ithibati kwamba mababu wa nyangumi walitembea nchi kavu.

Mwanaisimu hatashangaa. Bata mzinga naye si wa ukoo wa mabata, lakini jina lake halimpotezi mnunuzi sokoni. Uhusiano wa neno na kirejelewa chake hujengwa na mazoea ya wasemaji. Hatari huanza pale jina linapochukuliwa kuwa ushahidi. Basi mwanafunzi wa lugha na alihifadhi jina alilorithi, ila asichoke kulichunguza gego.