Nyimbo Tunazozipenda na Nyimbo Tunazozikweza



Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi mama zetu na dada zetu, leo tumeona tuzungumze juu ya nyimbo. Huenda mtu akauliza: sheikh na nyimbo, wapi na wapi? Lakini sisi twakaa Mukuru kwa Njenga, jijini Nairobi, ambako nyumba nyingi ni za mabati na kuta zimegusana. Jirani akiwasha redio yake, imewashwa kwetu pia. Kwa miaka tuliyofundisha watoto Qur'ani huku tumezisikia nyimbo za kila aina, tukitaka tusitake, na sikio linalosikia halikosi rai.

Hatukusudii kuingia katika ikhtilafu ya wanazuoni juu ya ala za muziki. Hiyo ina mahali pake. Itutoshe kukumbuka kisa kilichopokewa na Bukhari na Muslim, cha wasichana wawili walioimba siku ya Idi nyumbani kwa Bibi Aisha (r.a.). Sayyidna Abubakar (r.a.) aliwakemea, naye Mtume (s.a.w.) akamtaka awaache, kwa kuwa ilikuwa sikukuu. Wapokezi hawakusahau kutaja walichokiimba: habari za vita vya Bu'ath. Nasi kipimo chetu ni hicho. Twauliza kwanza, wimbo huu wasema nini?

Kwa kipimo hiki, wimbo uliokwezwa kupita kadiri yake ni Jambo Bwana, uliotolewa na Them Mushrooms mwaka 1982, ukaenea katika hoteli za pwani, hata kundi la Boney M la Ujerumani likauchukua. Hatuwalaumu watunzi. Waliutunga kwa ajili ya wageni, wageni wakaufurahia, na vijana wengi wamepata riziki kwa kuuimba. Tunaloshangaa ni wenyeji kuushika kana kwamba ndio sura yetu. I wapi shikamoo? Ziko wapi salamu za Kiislamu? Mtoto wa Kiswahili hamwamkii mkubwa wake namna ile. Ama hiyo habari ya kwamba kwetu hakuna shida, mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia katika nyumba za Mukuru, watu wakabeba magodoro na watoto kichwani, hatukumsikia hata mmoja akiuimba.

Wimbo tunaouona haukupewa haki yake ni Kijiti, wa Siti binti Saad. Bibi huyu alizaliwa Fumba, Unguja, katika ufukara, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Shaaban Robert akaja kuandika wasifu wake. Katika Kijiti alisimulia habari za mwanamke mjamzito aliyeuawa Unguja, muuaji akatoroka, na adhabu ikawaangukia wanawake. Hakutumia maneno ya kupamba. Alimtaja aliyeua na kumlilia aliyekufa, katika zama ambazo mwanamke maskini hakuwa na mwingine wa kumsemea. Mabinti zetu wanaujua wimbo wa juzi neno kwa neno, na jina la Siti hawalijui. Hilo latusikitisha.

Uliobaki ni Malaika. Huu twaupenda, ila twaona unapendwa kwa sababu isiyo yake. Fadhili William wa Taita aliurekodi mapema katika miaka ya 1960, na wako wasemao mtunzi wake ni Adam Salim. Miriam Makeba aliufikisha duniani kote. Siku za harusi huwekwa bibi harusi anapoingia ukumbini, na vigelegele vikapigwa. Lakini ukiusikiliza maneno yake, ni malalamiko ya kijana anayetaka kuoa na hana mali. Vigelegele vyapigwa juu ya kilio.

Na kilio hicho twakijua kwa karibu. Mwaka jana alitujia kijana anayefanya kibarua katika viwanda vya hapa jirani, akitaka tumsemee kwa wali wa binti aliyemposa. Alishika karatasi aliyoandikiwa. Mahari yenyewe ilikuwa ya kiasi. Chini yake palikuwa na kilemba cha baba, mkaja wa mama, kitanda na kabati, sare za shangazi na makungwi, ukumbi na mpiga video. Alipiga hesabu mbele yetu kwa ujira wa siku, akakuta ni miaka mitatu bila ya kula wala kulipa kodi ya nyumba. Binti mwenyewe hakutaka hata kimoja kati ya vile vilivyoandikwa chini ya mahari yake. Wengine wakifika hapo hukata tamaa, wakaenda kukaa pamoja bila ya nikahi, na mtoto akazaliwa kabla ya wazee kumaliza vikao vyao.

Mahari ni haki ya mwanamke; Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 4, wake wapewe mahari yao. Hatusemi yapunguzwe kwa kumdhulumu. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) alimwambia sahaba asiye na kitu atafute japo pete ya chuma, na alipoikosa akamwoza kwa Qur'ani aliyoihifadhi. Ukumbi na video havikuwamo.

Tulikaa na wali mara mbili. Kikao cha pili mama mzazi wa binti aliomba kalamu, akafuta ukumbi, akafuta video, akafuta na mkaja wake mwenyewe. Kilemba bado kinabishaniwa, na kijana angali anangoja.

Mama zetu, aghalabu karatasi hizi huandikwa majumbani mwenu, nanyi ndio mnaoweza kuzifuta. Ikifika zamu ya binti yako, tafadhali usikilize Malaika mara moja, umekaa kitako, kabla ya kuishika kalamu.

Mwenyezi Mungu awasahilishie vijana wetu nikahi zenye baraka na mapenzi. Amin. Wabillahi tawfiq.