Mvua ya Asubuhi katika Nchi ya Bukoba na Muleba

Mgeni atokaye pwani, akifika Bukoba mwezi wa Juni, hudhani ameingia katika kiangazi kama kile alichokiacha kwao. Hana sababu ya kudhani vingine, kwa kuwa vitabu vya shule vyatufundisha kwamba masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na baina yake ni ukavu. Basi huamka kwa Sala ya Alfajiri akasikia ngurumo upande wa ziwa, na kabla jua halijapanda mvua imekwisha kumiminika. Ikifika adhuhuri mbingu zimetakata na nguo zaanikwa uani. Julai ndio mwezi mkavu kuliko yote hapa, lakini Julai nayo haikosi mvua zake. Nimefundisha watoto katika nchi hii kwa miaka mingi, na naweza kusema kwamba daftari la mahudhurio ya chuo chetu laandikwa na ziwa kuliko liandikwavyo na mwalimu.

Sababu ya jambo hili yafaa vijana wetu waielewe. Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 69,000. Mchana nchi kavu hupata joto upesi, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara. Usiku mambo hugeuka: ardhi hupoa, maji hubaki na joto lake, na upepo hutoka bara pande zote kuelekea ziwani. Pepo hizo hukutana juu ya maji, na hewa yenye unyevu, ikikosa pa kwenda, hupanda juu, ikawa mawingu makubwa yenye radi. Kisha pepo za mashariki na kusini-mashariki huyasukuma mawingu hayo magharibi. Na magharibi ni kwetu. Ndiyo maana mvua ya Bukoba hutufikia karibu na mapambazuko, ikitokea majini.

Mwenye shaka na autazame mji wa Musoma, ulio ng'ambo ya pili, karibu sawa kabisa na Bukoba kwa kipimo cha kaskazini na kusini. Bukoba hupata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka; Musoma hupata kama nusu yake au pungufu. Ziwa ni lile lile, lakini upepo huwapa hawa na kuwapita wale. Huko Kisumu, nchini Kenya, radi hupendelea alasiri na jioni. Kwa hiyo mtu asemapo “mvua za Kanda ya Ziwa” kana kwamba ni kitu kimoja, hajatuambia mengi.

Msafiri ashikaye njia ya kusini, kupita Kemondo na Muhutwe hata Muleba, huwa na ziwa upande wake wa kushoto, na vilima vilivyojipanga sambamba na ufuko. Vilima hivyo huyapandisha mawingu yakamwaga maji yake. Lakini akigeuka magharibi, akavuka bonde la Mto Ngono kwenda Karagwe, mvua hupungua upesi, hata zikabaki milimita 1,000 au chini ya hapo. Ni safari ya saa chache tu.

Wengi hudhani kwamba penye mvua nyingi ndipo penye udongo mwema. Sivyo. Mvua hii huosha rutuba na kuizamisha chini, na ndiyo maana Mhaya ana maneno mawili ya ardhi: kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni lililozunguka nyumba, na rweya, yaani nyika ya majani isiyo na nguvu. Kibanja hakikujifanya chenyewe. Ni kazi ya vizazi vilivyobeba samadi na majani ya kutandaza chini ya migomba.

Tena yako mambo mazito zaidi. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku usio na mwezi, na usiku ndio wakati ambao ziwa huzaa tufani. Kijana wa Bumbire au Goziba atokaye na mtumbwi yuko mahali pale pale mawingu yanapokusanyika. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wake redioni. Kuusikiliza kabla ya kushusha chombo si woga. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba katika mvua na hali mbaya ya hewa. Watu 19 walikufa, Mungu awarehemu, na wavuvi ndio waliotangulia kufika kuwaokoa waliosalia.

Wazee wakumbuka pia mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1961. Ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964, na kipimo hicho hakikupitwa hadi mwaka 2020, kisha maji yakapanda zaidi mwaka 2024, yakazifuata nyumba za ufukoni na mialo ya wavuvi. Sehemu kubwa ya maji hayo haikuletwa na mito. Mto Kagera, ingawa ndio mkubwa kuliko yote iingiayo ziwani, huleta sehemu ndogo. Yaliyo mengi hunyesha juu ya ziwa lenyewe, usiku, watu wakiwa wamelala.