Lugha ya Taa

Nilizaliwa Tanga, nikasomea ualimu Korogwe, na katika mwaka 2019 nilivuka mpaka wa Namanga nikiendesha motokaa yangu kuukuu, kwenda kufundisha Kiswahili katika shule moja ya Kawangware. Sikuwa na hofu ya njia. Kenya, kama kwetu, magari hupita upande wa kushoto. Si kama Rwanda na Burundi, ambako dereva mgeni hulazimika kugeuza mazoea yake yote. Nilidhani mwenye kujua upande amejua yote.

Juma la kwanza nilisimama katika Barabara ya Naivasha, karibu na kituo cha 46, nikingoja kupinda kulia. Matatu (jina hilo lilitokana na nauli ya zamani, sarafu tatu za senti 10) ilikuja mbele yangu, ikanimulika kwa taa mara mbili. Katika desturi niliyoizoea, taa hizo ni neno la hisani: “Pita, nakungoja.” Nikainua mkono kushukuru, nikaingia. Kumbe dereva alisema, “Naja, kaa ulipo!” Katika kumkwepa niliupiga mkokoteni wa mchuuzi wa maji. Madumu yakapasuka, maji yakafuata mfereji. Mwenyewe hakuumia. Nilimlipa maji, madumu na kazi ya siku nzima, lakini uso wake ulinifuata hadi darasani.

Tangu hapo niliapa kutoamini ishara ya mtu. Wanafunzi wangu waliponiambia “Nipe chaki” pasipo “naomba”, nilifahamu upesi kwamba hawakunikosea adabu. Ni usemi wa mahali. Busara hiyo niliiacha darasani kila niliposhika usukani.

Mwezi mmoja baadaye nilikwenda Kibera, mtaa wa Olympic, kumjulia hali mwalimu mwenzangu aliyekuwa mgonjwa. Wakati wa kuondoka nilianza kurudi nyuma. Utingo aliyening'inia mlangoni pa matatu akapiga kelele, akaruka chini, akaipiga motokaa yangu kofi moja la nguvu. Nikajiambia: huyu anataka nipishe gari lake. Nikapandisha kioo, nikazidi kurudi. Utingo yule akaenda akasimama nyuma yangu, mikono ameitanua, akanikazia macho katika kioo. Nikakanyaga breki kwa hasira.

Akainama, akainuka na mtoto wa kiasi cha miaka minne, kakumbatia mpira wa matambara. Ulikuwa umeingia chini ya gari langu, naye ameufuata.

“Mzee, si nilikuambia usimame?” akasema, bila ukali.

Nilishusha kioo, maneno hayakunijia. Alimpangusa mtoto vumbi magotini, akarudi mlangoni pake, akalipiga bati la matatu yake kofi mbili, ikaondoka. Mtoto alikwenda zake akiudundadunda mpira usiodunda, wala hakugeuka. Mimi nilikaa pale, injini nimeizima, mpaka miguu ilipoacha kutetemeka.