Zamu ya Usiku, Sehemu ya 11: Singeli Wodini

Leo siongelei chanjo wala homa. Leo naungama.

Ukiniuliza napenda muziki gani, nakujibu haraka: zilipendwa. Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajab. Hilo ni jibu la sebuleni. Jikoni, mlango nimefunga, naosha vyombo kwa singeli ya Msaga Sumu. Mwanangu keshanikamata mara mbili, na kila mara nimemhonga ubuyu asiseme.

Sasa sikilizeni nilichofanya.

Tulikuwa na mama mdogo, mtoto wake njiti, gramu 1,600. Alikuwa kwenye kangaruu: mtoto kofia na nepi tu, kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Siyo kazi ya nusu saa hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri saa 8 mpaka 24 kwa siku. Muda wote huo yeye na mwanawe tu, basi akawa anamwimbia, taratibu, kwa sauti ya chini. Nikasogea nisikie. Kumbe singeli!

Nikamwambia, "Mdogo wangu, hapa ni wodini, siyo kwenye kigodoro. Huna wimbo wa mtoto?"

Wenzie wakacheka. Akasema, "Samahani sista." Akanyamaza.

Na akanyamaza kweli. Kesho yake kimya, keshokutwa kimya. Mtoto kifuani, mama anaangalia ukuta. Na mimi ndiye nawafundisha kliniki kwamba mtoto anaanza kusikia angali tumboni, na akizaliwa sauti ya mama yake anaitambua. Sauti hiyo nikaizima mimi, kwa kosa gani? Hakupiga kelele. Kosa lake ni kwamba wimbo wake ni wa uswahilini, na mimi nilishahama uswahilini, sitaki watu wajue nilikotoka.

Wala siyo mambo mapya. Siti binti Saad alitoka Fumba, akauza vyungu, watu wa mjini wakamcheka kwa asili yake na sura yake. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Leo taarab yake ndiyo tunaiita muziki wa heshima.

Usiku wa tatu nikakaa pembeni ya kitanda chake. "Mdogo wangu, nilikukosea. Hata mimi naisikiliza. Jikoni, nimefunga mlango."

Akanitazama. "Sista, wewe?" Akacheka mpaka mtoto akatikisika kifuani. Baadaye, nikiwa napima joto kitanda cha pili, nikamsikia ameanza tena, kwa sauti ya chini kabisa. Wenzie safari hii hawakucheka. Mmoja alikuwa anatingisha mguu.

Jamani, sisemi singeli inaongeza uzito. Uzito wa yule mtoto uliongezeka kwa maziwa na joto la mama yake. Ninachosema ni kwamba mtoto hajui wimbo wa heshima wala wa uswahilini, anajua huyu ni mama. Imba ule unaoujua. Sauti iwe ya chini, na usimwekee spika karibu wala spika za masikioni. Wewe mwenyewe unatosha.

Jana nimeosha vyombo mlango wazi. Mwanangu kanuna, ubuyu umeisha.

Haya, semeni ukweli: wewe unamwimbia nini mlango ukiwa umefungwa?