Namugongo, Mahali pa Mashahidi

Namugongo iko karibu na Kampala, Uganda. Nguzo 22 za kanisa lake ni ukumbusho wa Mashahidi 22. Hapo Mtakatifu Karoli Lwanga alichomwa moto tarehe 3 Juni 1886, na wenzake hapo karibu.

Mgeni hujiuliza: walipata wapi nguvu? Hawakuipata siku ile ya moto. Mapadre waliondoka nchini mwaka 1882, wakarudi 1885. Muda huo wote wasomi wa dini walikutana, wakasali, wakafundishana wenyewe.

Basi nasi, padre asipofika Jumapili, tusilegee. Baba na mama wakusanye watoto, wasali pamoja kila jioni. Anayesali kila siku, jaribu likija halimkuti mikono mitupu.