Land Rover ya baba yarudi barabara ya Magadi

Kwa miaka 25 kuku wa mama walikuwa wakitaga mayai ndani ya Land Rover ya baba. Gari hilo lilikuwa limeegeshwa chini ya mkaratusi nyumbani kwetu Nyandarua, magurudumu yakiwa yamezama udongoni, na mgeni aliyeuliza njia ya kuja kwetu aliambiwa, "Nenda mpaka uone gari la kuku."

Msomaji mpendwa, huenda hata kwenu mashambani kuna gari kama hilo. Halitembei, haliuzwi, na mwenyewe hataki liguswe.

Mapema mwaka 2023 kaka yangu mkubwa alikuja na mnunuzi wa vyuma chakavu. Yule bwana alilizunguka gari mara mbili, akagongagonga bodi kwa kidole na kusema angetoa shilingi 60,000. Kaka alikuwa tayari kukubali. Baba, aliyekuwa ameketi kibarazani, hakuinuka. Alisema tu, "Hilo ni rika langu. Mtaniuza na mimi?"

Hakuwa akifanya mzaha. Baba alizaliwa mwaka 1948, na Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani Aprili mwaka huo huo katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam. Katika miaka ya 1970 alikuwa dereva wa wapima ardhi, akiwapeleka Magadi na Nguruman kwa gari la aina hiyo hiyo. Hili la kwetu, lililoundwa mwaka 1969, alilinunua kwenye mnada mwaka 1981. Lilibeba maziwa, kabichi, maiti na maharusi. Wakati wa mvua za El Nino mwishoni mwa 1997, barabara zote zikiwa tope, lilimfikisha jirani yetu hospitali usiku akiwa na uchungu wa kuzaa. Mtoto alizaliwa salama. Wakirudi, ekseli ya nyuma ikakatika. Malipo ya maziwa yalikuwa yamechelewa msimu huo, na pesa za kulitengeneza hazikupatikana tena.

Ndipo mwandishi wa makala haya alipofungua mdomo wake na kusema, "Nitalitengeneza mimi."

Kaka alicheka. Baba hakucheka. Alitoa sharti moja: "Lipeleke mpaka Nguruman na ulirudishe. Likirudi linavutwa na gari jingine, liuzeni, wala sitasema neno."

Breki kwanza, taa baadaye

Land Rover ilisafirishwa hadi Nairobi mgongoni mwa lori na kutuliwa kwa fundi mmoja wa jua kali, si mbali na Barabara ya Kirinyaga, ambako maduka ya spea yamefuatana kama meno. Nilikuwa na orodha yangu mfukoni: taa kubwa za kumulika, magurudumu mapana, na winchi ya kujivuta kwenye matope. Fundi aliisoma, akaikunja na kunirudishia.

"Madam," alisema, "kwanza tuhakikishe linaweza kusimama. Kwenda ni baadaye."

Alichukua nyundo, akaingia chini ya gari na kuanza kuigonga fremu hatua kwa hatua. Hapo ndipo nilipojifunza somo la kwanza. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, kwa sababu baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuma kilikuwa adimu nchini Uingereza. Bodi hiyo hailiwi na kutu kama chuma, hivyo gari huonekana zima kwa macho. Lakini fremu iliyo chini ni ya chuma, nayo huoza kimyakimya kutoka ndani. Palipo pazima nyundo hulia kama kengele. Palipooza husema "pu" kama boga. Ya kwetu ilisema "pu" mahali pengi upande wa nyuma. Vipande vyote vibovu vilikatwa, na vipya vikachomelewa.

Baada ya fremu zikafuata breki: mabomba mapya, mipira mipya, na viatu vya breki kuvishwa upya katika magurudumu yote manne. Kisha springi, zile za vyuma bapa vilivyolaliana kama kurasa za kitabu. Zilifunguliwa, zikasuguliwa na kupakwa grisi. Nyaya za umeme zilikuwa zimeliwa na panya, zikatolewa zote. Injini ya petroli, yenye mitungi minne na ukubwa wa sisi 2,286, ilifunguliwa mwisho. Ajabu ni kwamba ndiyo iliyokuwa na afya kuliko vyote. Ilihitaji ringi mpya, vali kusagwa, na rediata kubadilishwa moyo wake.

Kazi ilichukua miezi 13, kwa kuwa nililipa kila nilipopata mshahara. Nilitumia zaidi ya shilingi 400,000, pesa ambazo zingeninunulia gari dogo la kwenda kazini. Kuna jioni nilizotoka pale karakana nikiwa nimebaki na nauli ya matatu tu, nikijiuliza kama kaka hakuwa na haki kunicheka.

Je, tulibadilisha nini? Machache. Viti vya nyuma vilivyotazamana tulivigeuza vitazame mbele, tukaweka mikanda ya usalama, kwani nilikuwa na nia ya kumbeba mwanangu. Tuliongeza paa la pili juu ya lile la kwanza, tulilolitoa kwenye gari lililokufa. Paa hilo huacha nafasi ya hewa katikati, na joto la jua huishia juu. Tuliweka tangi la maji la lita 60, mahali pa kufungia jerikeni mbili za petroli, na magurudumu mawili ya akiba. Winchi niliisahau. Bei yake ilikuwa sawa na ya breki zote.

Baba alipokuja kulikagua, aliuliza jambo moja tu: "Hendeli iko wapi?" Alimaanisha kile chuma kilichopindwa ambacho huingizwa mbele ya gari ili kuizungusha injini kwa mkono. Nilimwambia gari lina betri mpya na stata mpya. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekataa koti asubuhi ya Julai. Siku mbili baadaye mama aliipata hendeli. Ilikuwa imepigiliwa ardhini, imefungiwa mbuzi.

Kuteremka bondeni

Tuliondoka Jumamosi moja alfajiri, Februari 2024: mimi kwenye usukani, baba kando yangu, mwanangu wa miaka 10 nyuma. Tulipita Ongata Rongai na Kiserian, tukapanda hadi Corner Baridi, pale upepo unapovuma bila kuuliza ruhusa. Hapo Bonde la Ufa hufunguka mbele yako kwa ghafla, na ardhi yote inakuwa ya rangi ya vumbi na samawati hadi upeo wa macho.

Kutoka hapo ni kuteremka. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Magadi iko karibu mita 600. Kwa safari ya kilomita 110 hivi, unatoka kwenye sweta na kuingia kwenye tanuri. Nilielewa basi kwa nini fundi alianza na breki.

Gia za Land Rover hii zina adabu yake. Ya kwanza na ya pili hazina kifaa cha kusawazisha mwendo, kwa hiyo ukishusha gia sharti ukanyage klachi mara mbili, na katikati uiongeze injini moto kidogo. Ukikosea, gia zinasaga meno. Nilikosea mara nyingi. Kila mara baba alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Tulipumzika Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walikuta mamia ya mashoka ya mawe mwaka 1942. Yamelala pale pale yalipoachwa na watu wa kale, na wageni huyatazama wakiwa juu ya daraja la mbao. Mwanangu aliuliza kwa nini walitengeneza mengi hivyo. "Hawakuwa na duka la spea," baba akamjibu.

Magadi yenyewe huijua kwa pua kabla ya macho. Ziwa lilikuwa limekauka na kuwa uwanja mweupe wenye madoa ya waridi. Jina lake kila mama wa nyumbani analijua: ni magadi yale yale ya kulainisha maharagwe. Tangu mwaka 1911 kampuni imekuwa ikiyachimba hapa na kuyauza kwa viwanda, vikiwemo vya vioo, na reli iliwekwa mahususi kwa ajili yake. Ukiandikisha jina langoni unaruhusiwa kupita. Katika chemchemi za maji moto pembeni mwa ziwa tuliona heroe wakitembea kwa madaha, na visamaki vidogo vinavyoishi katika maji ya chumvi ambayo yangemuua samaki mwingine yeyote.

Tahadhari moja, msomaji: usije ukashawishika kuendesha gari juu ya ule weupe. Ni ganda tu, na chini yake kuna tope.

Chuma cha mbuzi

Lami huishia Magadi. Kuelekea Nguruman tulipita katikati ya mawe meusi, kisha tukaingia kwenye vumbi laini kama unga. Kabla sijajua la kufanya, gari lilizama na kusimama. Nilikanyaga mafuta, likazama zaidi.

"Toa mguu," baba alisema. "Unalichimbia kaburi."

Alitushusha sote. Kwanza alipunguza upepo katika magurudumu ili yatandazike na kukanyaga eneo kubwa zaidi. Kisha tukaondoa vumbi mbele ya kila gurudumu kwa koleo. Mwisho akanionyesha vishikio viwili, cha manjano na chekundu. Cha manjano ukikibonyeza, magurudumu yote manne yanavuta. Chekundu ukikirudisha nyuma, yanavuta manne kwa mwendo wa polepole wenye nguvu nyingi.

"Vuta chekundu. Gia ya pili. Usikanyage mafuta kwa hasira."

Gari likatoka lenyewe, taratibu kama ng'ombe anayeinuka. Mwanangu alipiga makofi. Wakati huo huo kijana mmoja Mmaasai alitupita kwa pikipiki akiwa amebeba makreti ya nyanya, bila hata kupunguza mwendo. Baba alimfuata kwa macho. "Siku zetu," alisema, "safari hii ilikuwa yetu peke yetu."

Jioni tulivuka Ewaso Ng'iro na kufika Nguruman, chini ya ukuta mkubwa wa mlima. Baada ya jangwa lile, huamini macho yako: mifereji ya maji, migomba, miembe. Baba alitembea kandokando ya mto akitafuta mtini mkubwa ambapo wapima ardhi walikuwa wakipiga hema. Hakuupata. Palikuwa na vibanda vya duka. Alisimama pale muda mrefu, kofia mkononi, wala hatukumwita.

Asubuhi nilizungusha ufunguo. Gari likasema "ta" na kunyamaza. Nikajaribu tena. "Ta." Stata mpya ilikuwa imejaa vumbi na kukwama. Moyo wangu ulizama. Gari la kutuvuta lingepatikana kwa urahisi pale Nguruman, na sote watatu tulijua maana yake.

Baba hakusema lolote. Alikwenda nyuma, akatoa chuma cha mbuzi na kunipa.

"Kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirudi nyuma itakuvunja mkono. Vuta kwenda juu, usisukume."

Mara ya kwanza haikuwaka. Ya pili ikakohoa. Ya tatu injini ikanguruma, nami nikajikuta nimekaa vumbini nikicheka na machozi yananitoka.

Kupanda

Mtihani halisi ulikuwa kurudi. Kilichoteremka lazima kipande, tena katika joto la mchana. Mshale wa joto ulipanda kila tulipopanda. Tulisimama mara mbili kuipumzisha injini, tukafungua boneti na kungoja nusu saa bila kugusa kifuniko cha rediata, maana maji yanayochemka hutoka kama bunduki. Magari mapya yalitupita yakipiga honi. Kwa gia ya pili, kilomita 20 kwa saa, tulifika Corner Baridi jua likizama. Upepo ule ulitupokea. Baba akasema, "Basi. Zima lipumue."

Wanaotaka kufufua gari la zamani huniuliza kama inafaa. Kwa hesabu ya pesa, haifai. Lakini wakikubali, nawaambia waanze na fremu na breki, waache mapambo mwisho, na wasitupe kitu kabla ya kumwuliza aliyelitumia. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga.

Wiki iliyofuata tuliliendesha hadi Nyandarua. Kaka alikuwa langoni. Aliuliza, "Limevutwa mara ngapi?" Mwanangu akamjibu kabla yetu: "Hata mara moja!" Kaka alilizunguka gari, akaigonga bodi kwa kidole kama yule mnunuzi, asiseme neno.

Aliyelalamika ni mama. "Na kuku wangu watataga wapi?"

Jumamosi iliyofuata kaka alileta mbao na misumari, akawajengea nyumba pale pale chini ya mkaratusi.